Je, Yafaa Kufundisha Kiingereza kwa Habari za Wanyang'anyi?

Ndugu wasomaji, na ninyi walimu wenzangu hasa, naleta mbele yenu shauri lililonisumbua kwa muda mrefu, wala si shauri la sarufi. Ni hili. Mwalimu akitaka kuwatia vijana hamu ya lugha ya Kiingereza, naye ameona kwa macho yake kwamba habari za wanyang'anyi, na za mapango walimojificha, na za nyumba walimoua watu, huwaamsha wanafunzi kuliko habari nyingine yo yote, je, ni halali yake kuzitumia? Naomba mtu asijibu upesi. Mimi nilijibu upesi, nikasema ndiyo, na jibu langu lilimtoa machozi mtoto ambaye hakunikosea neno.

Kwanza niseme jambo lilivyo. Shule zetu za sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto wa Tanga aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza kama mtu aliyeshushwa mashuani kabla ya kufika ufukoni: maji yako kifuani, na mzigo uko kichwani. Twampa kitabu. Kitabu kina habari za mtu mwema aliyekwenda sokoni, akanunua vitunguu, akarudi nyumbani salama. Mtoto huisoma habari hiyo mara tatu, na kesho yake hakumbuki hata kitunguu. Lakini mtoto yule yule, jioni, hushika simu ya kaka yake, akatazama habari za Alcatraz, kisiwa cha gereza katika ghuba ya San Francisco, na za watu watatu waliotoroka humo mwaka 1962 wasionekane tena. Asubuhi huja darasani na maneno ambayo sikumfundisha: ya kutoroka, ya mlinzi, ya chumba cha mfungwa, ya kufa maji. Tena huyatamka sawasawa, maana aliyasikia huku moyo unampiga.

Hiyo ndiyo siri yake, nami sioni haja ya kuitafutia maelezo marefu. Neno likimwingia mtu pamoja na mshtuko, halitoki. Ye yote kati yetu aliyeumwa na nyuki utotoni anajua neno "nyuki" kwa namna asivyojua neno "kipepeo".

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mahali pa namna hiyo. Kilometa nane hivi kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa Kiomoni, yako mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji katika mawe ya chokaa ya kale sana. Watu huyajua kwa sababu tatu: kwa mizimu, maana wako wanaoingia humo na sadaka zao, kwa popo, na kwa Osale Otango. Huyu Osale pamoja na mwenzake Paulo Hamisi, miaka ya 1950, walitafutwa na serikali ya Kiingereza kama wahalifu, na masimulizi ya Tanga husema kwamba mapango haya yalikuwa maficho yao. Wasimulizi huongeza kwamba waliwanyang'anya Wazungu wenye mali na kuwagawia maskini, na wengine huwaunganisha na watu wa Mau Mau wa Kenya. Mimi nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu huko kila mwaka, na nikirudi nao nilikuwa na maneno ya kufundisha kwa majuma matatu.

Katika mji huu nilimfahamu kijana mmoja aliyewaongoza wageni kwa riziki yake. Hakufika Kidato cha Pili, lakini Kiingereza chake kilikuwa chepesi kuliko cha wanafunzi wangu wengi, nacho alikiokota chote katika habari za maficho, za kuviziana na za kukimbia askari. Siku moja nilimsikia akiwaambia wageni wawili kwamba Osale alikuwa "freedom fighter", yaani mpigania uhuru. Juma lililofuata nilimsikia akiwaambia wageni wengine, wazee wa Kiingereza, kwamba alikuwa "robber", mnyang'anyi. Walipokwisha kwenda nikamwuliza, "Mwanangu, mbona mtu mmoja ana majina mawili?" Akacheka kwa adabu, akanijibu, "Hutegemea mgeni, Mwalimu."

Jibu hilo lilinichekesha mimi pia, kisha usiku likanizuia usingizi. Maana kijana yule alijua jambo ambalo sisi walimu hatuwaambii watoto: ya kwamba maneno ya namna hii si majina tu, bali ni hukumu. Ukisema "kitunguu" hukumhukumu mtu. Ukisema "robber", umekwisha kukaa kitini pa hakimu. Ukisema "outlaw", umesema kwamba mtu yu nje ya sheria, wala hujasema kama sheria yenyewe ilikuwa ya haki. Na sisi tuna maneno yetu, nayo vile vile hayakosi upande. Haramia ana haramu ndani ya jina lake. Jambazi, neno lililotoka kwa Waajemi, huko kwao ni mtu achezaye na uhai wake, na jina hilo lingeweza kuwa la sifa. Hapa pwani limekuwa la laana. Mtoto anayejifunza maneno haya anafundishwa kuhukumu kabla hajafundishwa kusikiliza mashahidi.

Tazameni Pangani. Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kuitawala pwani, Pangani ilichafuka, na Abushiri bin Salim akawa mkuu wa waliopigana. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Wissmann na askari wake. Pangani ikatekwa Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa pale pale Pangani. Vitabu vya Wajerumani viliviita vita hivyo uasi wa Waarabu, ingawa waliopigana hawakuwa Waarabu peke yao. Mwalimu wangu, aliyesomeshwa kwa vitabu vya Kiingereza, alitufundisha neno "rebel" kwa mfano wa Abushiri. Watoto wa leo husoma kwamba alikuwa shujaa aliyewapinga wageni. Wala hapana anayependa kukumbuka kwamba shujaa huyo alikuwa mwenye shamba la miwa, na kwamba mashamba ya miwa ya Pangani siku zile yalilimwa na watumwa. Mahali pamoja pa kunyongea, mtu mmoja, na maneno matatu yanampigania.

Sasa nije kwa wenzangu wanaopinga. Mwalimu mmoja mzee, ambaye kwangu ni baba kwa umri na kwa heshima, alisikia habari za masomo yangu akaniita barazani kwake. Alisema, "Mwanangu, maji hushika harufu ya mtungi. Mtoto akiinywa lugha katika mtungi wa damu, atadhani lugha ya Kiingereza ni lugha ya damu." Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia, "Baba, sisi sote tulijifunza kusoma kwa Biblia, na Biblia haifiki sura ya tano ya kitabu cha kwanza kabla ndugu hajamwua ndugu shambani." Nikamkumbusha shamba la mizabibu la Nabothi. Nikamkumbusha pia kwamba katika lugha waliyosema watu wa Yerusalemu siku za Bwana wetu, maneno ambayo kila mtoto wa katekisimu huyajua bila kufundishwa mara mbili ni Golgotha na Akeldama, na yote mawili ni majina ya mahali pa uovu: moja ni mahali pa kuulia watu, na moja ni konde lililonunuliwa kwa fedha ya damu. Yule mzee akanyamaza. Nikaona nimeshinda.

Waingereza wenyewe walikuwa na desturi hii. London palikuwa na gereza liitwalo Newgate, ambalo mbele yake watu walinyongwa hadharani tangu mwaka 1783 mpaka 1868. Habari za wafungwa wake na makosa yao zilikusanywa katika vitabu vilivyoitwa Kalenda ya Newgate, na nyumba nyingi za watu wa dini ziliviweka rafuni karibu na Biblia, wazazi wakitumaini kwamba mtoto akisoma mwisho wa mwizi hatatamani mwanzo wake. Kama watoto walisoma kwa ajili ya mwisho ama kwa ajili ya katikati, hilo wazazi hawakuliuliza. Nami nina shaka yangu.

Na Kiingereza chenyewe kimejaa maneno yaliyookotwa mahali pa uovu. Mwaka 1828, katika mji wa Edinburgh, Burke na Hare waliwaua watu 16 wakawauza maiti zao kwa mganga aliyefundisha wanafunzi wake kupasua miili. Burke akanyongwa mwaka uliofuata, na jina lake likawa kitendo, maana yake kumziba mtu pumzi, au kulizima jambo lisisikike. Jina la bandari ya Shanghai nalo likawa kitendo, cha kumteka baharia kwa hila na kumtia chomboni. Neno "thug" walilichukua kwa Wahindi. Hata neno "slave", lenye maana ya mtumwa, chanzo chake ni jina la taifa, Waslavu wa Ulaya, ambao wengi wao zamani walitekwa na kuuzwa. Mwingereza hulitamka neno hilo kila siku asikumbuke kwamba ametaja watu.

Hoja zangu zilikuwa hizo, na bado naziona si hafifu. Nazo ndizo zilizonifikisha kwenye kosa.

Niliandika mwenyewe somo la Kiingereza chepesi juu ya Pangani ya zamani. Niliandika juu ya misafara iliyoteremka na pembe kwa kulifuata bonde la mto, juu ya watu waliofungwa minyororo, juu ya majahazi yaliyovuka kwenda Pemba na Unguja. Nilichagua maneno 20 ya kujifunza, nikayapanga ubaoni: mnyororo, mateka, mnunuzi, bwana, mtumwa, mnada, na mengine. Darasa lilikuwa kimya kama usiku wa manane. Watoto waliokuwa wakisinzia kila siku walikaza macho. Nikafurahi, nikajiona mwalimu hodari. Kisha nikauliza kwa Kiingereza, "Nani alikuwa bwana? Nani alikuwa mtumwa?" nikitaka wanijibu kwa sentensi kutoka katika somo.

Mvulana mmoja wa nyuma akasimama. Hakujibu kutoka katika somo. Alimwonyesha kwa kidole msichana wa dawati la mbele, akasema kwa Kiingereza safi, kwa maneno yale yale niliyomfundisha mimi, kwamba babu zake yeye walikuwa mabwana, na nyanya za yule walikuwa watumwa wao. Darasa likacheka. Kisha mtu akalirudia neno kwa Kiswahili, na kicheko kikakoma ghafula, maana kwa Kiswahili lilikuwa tusi.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Katika nchi hii utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, nao wazee wetu hawakupenda kuuzungumza. Watu wameoana, wamezikana, wamesali pamoja. Lakini katika kila mji wa kale wa pwani hii wako wanaojua nani ni wa nyumba ipi, nao hunyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo inayotuwezesha kukaa kibaraza kimoja. Mimi niliiondoa kwa kipindi kimoja cha dakika 40, kwa ajili ya maneno 20.

Yule msichana hakuja shule siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kwao. Nilimkuta bibi yake ukumbini anasuka ukili. Nikabisha hodi, nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu, karibu," akanipa mkeka, wala hakuacha kusuka. Nikamweleza habari yote bila kuficha, nikamwomba radhi. Akakaa kimya mpaka nikaona aibu ya kukaa.

Hatimaye akasema, "Mwalimu, hilo neno la Kizungu, linamwuma nani?"

Nikasema, "Bibi, kwa Kizungu haliwaumi, maana walilizoea kitabuni."

Akasema, "Bibi yangu mimi aliuzwa akiwa mdogo kama huyu. Alikuwa na jina kwao, na jina lile hakulisahau mpaka anakufa. Alilitaja usiku wa kufa kwake. Katika somo lako mmeandika jina lake?"

Nikasema hapana.

"Na jina la aliyemnunua?"

Hapo nikakumbuka. Katika somo langu mlikuwa na Abushiri, mlikuwa na Wissmann, mlikuwa na majina ya masultani. Aliyeuzwa hakuwamo hata mmoja kwa jina lake. Bibi hakusema zaidi, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, akaagiza niletewe chai.

Niliporudi nilichukua masomo yangu yote ya miaka ile, ya Amboni, ya Newgate, ya Edinburgh, ya Alcatraz, nikayahesabu maneno. Ndipo nilipoona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema. Kwa mtenda uovu nilikuwa nimewafundisha watoto maneno zaidi ya 15: mwizi wa usiku, mwizi wa njiani, mwizi wa mfukoni, mwuaji, mtekaji, mtoro, na mengine yenye ladha na sauti nzuri. Kwa aliyetendwa nilikuwa nimefundisha neno moja, "victim", nalo nililipitia mbio. Haikuwa kosa la Kiingereza peke yake. Kiswahili changu mwenyewe kilikuwa hivyo hivyo: mwizi, mnyang'anyi, jambazi, haramia, mporaji, mwivi, na aliyeibiwa ni "aliyeibiwa" tu.

Mwaka ule ule wa 1888, Pangani ilipokuwa ikiwaka, kati ya mwisho wa Agosti na mapema Novemba, wanawake watano waliuawa katika mtaa wa Whitechapel, London. Mwuaji hakujulikana mpaka leo, lakini jina la kupanga alilopewa lilienea duniani kote, na wageni hutembezwa usiku katika vichochoro vile kwa malipo. Niliwauliza wanafunzi wangu jina la mwuaji; mikono ilipanda kama msitu. Niliwauliza jina la mwanamke mmoja kati ya wale watano, haukupanda mkono. Nami nilikuwa sijui. Nilikwenda kutafuta, nikayaandika ubaoni: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes, Mary Jane Kelly. Watoto wakayanakili, na mmoja akauliza walikuwa wanafanya kazi gani, na kama walikuwa na watoto. Somo hilo lilikuwa na maneno ya jikoni, ya kodi ya chumba, ya kufua, ya kushona. Yaani lilikuwa na vitunguu ndani yake, wala hapana aliyesinzia.

Liko jambo la pili, nalo ni la ukweli. Mahali pa uovu huvuta uongo kama taa inavyovuta kumbikumbi. Husemwa kwamba mbwa aliyepotea katika pango la Amboni alitokea Kilimanjaro. Lakini mwaka 1994 watafiti kutoka Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango, na lililo refu kuliko yote halikufika kilometa moja. Husemwa huko Pangani kwamba chini ya nguzo za Boma walizikwa watumwa wakiwa hai. Aliyelisema hajaleta shahidi, walakini husemwa tena kila mgeni akija, maana mgeni hutetemeka. Na sisi watu wa misheni tusijitoe. Unguja, pale Mkunazini, ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, ambalo Askofu Steere alilijenga juu ya uwanja ule wa kuuzia watu. Hilo ni kweli na halina shaka. Lakini wageni huonyeshwa pia vyumba vya chini ya ardhi karibu na kanisa, wakaambiwa kwamba humo watumwa walifungiwa kabla ya kuuzwa; na wako wanahistoria waliouliza itawezekanaje, ikiwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa. Mateso ya soko lile hayahitaji msaada wa chumba cha kubuni. Mtu akigundua kwamba chumba si cha kweli, atashuku na soko.

Na tena kuna uovu ambao bado ni mbichi. Februari 2015 askari wetu walipigana na watu wenye silaha katika mapango ya upande ule ule wa Amboni, na mwanajeshi mmoja akafa. Mwanafunzi mmoja aliniomba tuandike somo la Kiingereza juu ya habari hiyo. Nikakataa. Aliniuliza, "Mbona ya Osale twaandika, Mwalimu?" Nilimjibu kwamba mjane hajamaliza kulia. Si jibu la mwanafalsafa, maana sijui ni mwaka wa ngapi mjane humaliza kulia, na bibi wa Pangani alinionyesha kwamba hata wajukuu wa wajukuu bado wanalia. Lakini mwalimu hana budi kusimama mahali fulani.

Basi niache kabisa? Nilifikiri hivyo, nikarudi kwa yule mzee wa barazani kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Alinisimulia habari ya mtu wa kijijini kwao aliyeshitakiwa zamani kwa kifo cha jirani yake. Mahakamani palisemwa maneno mawili ya Kiingereza, "murder" na "manslaughter". La kwanza ni kuua kwa kukusudia, na hukumu yake ni kunyongwa. La pili ni kuua bila kukusudia, na hukumu yake ni kifungo. Mtu yule alisimama kizimbani kati ya maneno hayo mawili asijue lipi ni uhai na lipi ni kifo. Alitazama midomo ya watu tu. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hukumu nyingi za zamani, ambazo mawakili huzitegemea mpaka leo, ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee akasema, "Wafundishe. Ila usiwafundishe kucheka."

Basi nafundisha bado, kwa namna nyingine, nanyi mnihukumu. Somo la mahali pa uovu haliingii darasani kwangu mpaka nimejiuliza ni nani katika madawati yale ambaye habari hiyo ni ya kwao. Kwa kila neno la mtenda, watoto hutafuta neno la mtendwa, na wasipolipata kwa Kiingereza hulitunga kwa Kiswahili na kulivusha. Likisemwa jambo lisilo na shahidi, huandika "husemwa".

Yule msichana alirudi shuleni. Yule mvulana wa nyuma alikwenda na babu yake nyumbani kwa bibi, na waliyoyasema huko si yangu kuyaandika. Muhula uliofuata niliwapa tena somo la Pangani, baada ya kumwomba bibi ruhusa. Tulipofika kwenye neno lile la "slave", niliwaeleza chanzo chake cha Waslavu. Kisha nikawaambia kwamba "mtumwa" kwetu ni neno la kutendwa, mtu ambaye mwingine humtuma, na kwamba mtume wa Mungu naye ametoka katika kitendo kile kile cha kutuma. Msichana akanyosha mkono. Akauliza kama kwa Kiingereza anaweza kuandika "mtu aliyeuzwa" badala ya neno lile. Nikamwambia anaweza, na kwamba hata waandishi wengi wa Kiingereza siku hizi wamelikimbia neno lao la zamani kwa sababu iyo hiyo. Akaandika sentensi yake polepole, akaileta mezani kwangu niisahihishe. Ilikuwa na kosa moja la wakati. Mwanzo wake aliandika jina la mwanamke ambalo sikulijua, wala si la Kiswahili, nami sikumwuliza ni la nani.